Wazimu ni Neno Moja, Maradhi ni Mengi

Muthara ni soko lililo katika eneo la Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, chini ya milima ya Nyambene. Huko siku huanza mapema. Jua halijapanda, vijana huwa wamekwisha kuikwea miraa, wakachuma, wakateua na kufunga mabunda kwa majani ya mgomba, na magari huwa yanangoja kuondoka kwa kasi. Haraka hiyo ina sababu ya kikemia. Kathinoni, kiini chenye nguvu zaidi katika jani bichi la miraa, hufifia siku chache baada ya jani kuchumwa, na miraa iliyolala haina mnunuzi.

Ichukuliwe kwamba katika boma moja la eneo hilo kijana wa miaka ishirini hivi, aliyekuwa hodari shuleni na mcheshi nyumbani, anaanza kubadilika. Anakesha. Anajitenga na wenzake. Anakataa chakula cha mamake kwa madai kwamba kimetiwa sumu. Anawajibu watu wasioonekana na yeyote ila yeye. Hukumu ya majirani haichelewi: "Ameingiwa na wazimu. Ni hiyo miraa." Kwa sentensi mbili ugonjwa umepewa jina, sababu imepatikana na kesi imefungwa. Linalobaki ni ama kumfungia ndani, ama kumpeleka akaombewe, ama kumwacha azurure sokoni mpaka azoeleke.

Makala haya yanashikilia kwamba sentensi hizo mbili ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Utafiti wa maradhi ya ubongo na akili umepiga hatua kubwa katika Afrika Mashariki, lakini matunda yake hayafiki Muthara kwa sababu, pamoja na uhaba wa madaktari na dawa, kuna uhaba mwingine usiotajwa katika bajeti yoyote: uhaba wa lugha. Uhaba huo hauwezi kuondolewa na madaktari peke yao. Ni kazi ya wanaosoma na kufundisha Kiswahili.

Ubongo haujisemei

Malaria huonekana kwa hadubini. Kisukari hupimwa kwa tone la damu. Mfupa uliovunjika huonekana kwa picha ya eksirei. Maradhi makuu ya akili hayana kipimo cha namna hiyo. Ni kweli kwamba picha za ubongo na uchunguzi wa jeni vimewafunulia wanasayansi tofauti fulani baina ya makundi makubwa ya wagonjwa na watu wazima wa afya. Hata hivyo, hadi leo hakuna kipimo cha damu wala picha inayoweza kumwambia daktari kwa hakika kwamba mtu aliyeketi mbele yake ana skizofrenia, bipola au sonona. Daktari hutegemea anayoyaona na, zaidi ya yote, anayoambiwa na mgonjwa na jamaa zake.

Maana ya jambo hili ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Katika matawi mengine ya tiba lugha ni njia ya kukifikia kipimo. Katika tiba ya akili lugha ndiyo kipimo chenyewe. Kipimo kikiwa na kasoro, tokeo lake pia litakuwa na kasoro, hata kama mpimaji ni bingwa.

Historia ya Kenya ina mfano mchungu wa sayansi ya akili iliyowachunguza watu bila kuwasikiliza. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza mwaka 1910 kama makao ya kuwafungia waliodhaniwa kuwa vichaa. Daktari J.C. Carothers, aliyeiongoza kwa zaidi ya mwongo mmoja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika ambacho Shirika la Afya Duniani lilikichapisha mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata alitumia mtazamo uo huo kueleza vita vya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni dalili ya maradhi. Madai hayo yamekwisha kukataliwa na wanasayansi. Funzo lake, hata hivyo, lingalipo: anayempima mtu pasipo kuielewa kauli yake huishia kujipima mwenyewe.

Miraa, muguka na hukumu ya haraka

Irejelewe sasa ile sentensi ya pili ya jirani: "Ni hiyo miraa." Je, utafiti unasemaje?

Kathinoni hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na amfetamini. Huchochea seli za ubongo kumwaga dopamini, kemikali inayohusika na msisimko, hamasa na hisia ya kupata tuzo. Dawa nyingi zinazotuliza saikosisi, yaani hali ya mtu kuona au kusikia yasiyokuwapo na kushikilia imani zisizotikisika, hufanya kazi kinyume: huzuia dopamini isifanye kazi kupita kiasi. Kwa hivyo shaka ya jirani haikosi msingi. Aidha, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2019, ambao uliwahoji watu 831 katika eneo la mashambani linalokuza miraa nchini Kenya, ulibaini kwamba zaidi ya thuluthi moja yao walikuwa watumiaji, na kwamba baadhi ya dalili za saikosisi zilijitokeza zaidi miongoni mwa watumiaji hao. Utafiti wa awali uliofanywa Hargeisa ulionyesha kwamba hatari iliambatana na kuanza kutafuna mapema maishani na kutafuna kwa wingi.

Lakini utafiti huo huo unadai uangalifu. Uchunguzi wa kupima watu mara moja tu hauwezi kusema kilichotangulia. Huenda miraa ilileta dalili. Huenda pia kijana aliyekwisha kuanza kusumbuliwa na sauti na kukosa usingizi aliikimbilia miraa ili apate kuustahimili usiku. Huenda pombe na sigara zinazoandamana nayo, au madhila ya maisha, zina mchango wake. Wako wazee wengi wa Nyambene waliotafuna miraa tangu ujanani, wakaitoa kama kifungu cha posa na kuipokea katika mabaraza, na akili zao zikabaki timamu. Isitoshe, skizofrenia huwapata watu wa mataifa ambako miraa haijawahi kuonekana, na mara nyingi huanza katika umri ule ule ambao kijana wa Muthara huanza kufanya kazi katika biashara ya miraa. Mambo mawili yakitokea kwa wakati mmoja, si lazima moja liwe mzazi wa jingine.

Tofauti hizi hazina nafasi katika mjadala wa umma. Mnamo Mei 2024 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, jani la jamii moja na miraa linalokuzwa hasa Embu. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Viongozi wa Embu walilalamika, Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kisheria, na Mahakama Kuu mjini Embu ikaisimamisha kwa muda. Katika majuma hayo vinywa viligawanyika mara mbili. Upande mmoja ulisema muguka unawatia vijana wazimu. Upande wa pili ulisema hiyo ni riziki ya mkulima na haidhuru kitu. Pande zote mbili zilizungumza Kiswahili, na pande zote mbili zilikosa msamiati wa kusema jambo la tatu: kwamba kiasi, umri na hali ya mtu hubadilisha hatari, kwamba mkulima anaweza kutetewa na mgonjwa akatibiwa, kwamba neno "wazimu" halielezi ugonjwa wowote.

Kipimo kinapotafsiriwa

Utafiti wa kisasa hutegemea hojaji. Mojawapo ya zinazotumiwa sana ulimwenguni ina maswali tisa ya kupima sonona kwa kuangalia majuma mawili yaliyopita. Tafsiri yake ya Kiswahili imefanyiwa majaribio magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo kuchapishwa mwaka 2009. Jitihada kama hizo zinastahili pongezi. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa tafsiri anajua mitego iliyomo. Swali la kwanza huuliza iwapo mtu amepoteza mvuto na furaha katika mambo anayoyafanya. Mfasiri akitumia neno "hamu", mama wa shamba aweza kudhani anaulizwa kuhusu chakula. Akitumia "raha", aliyelelewa katika nidhamu ya kanisa aweza kudhani anashutumiwa kwa anasa.

Vivyo hivyo, swali la kusikia sauti ni la msingi katika kutambua saikosisi. Lakini muumini anayesema kwamba alisikia sauti ya Mola ikimwita haelezi ugonjwa. Anaeleza imani ambayo kanisa lake zima linaielewa. Hojaji isiyotofautisha hayo mawili itawaandika waumini kuwa wagonjwa, au itawafunza wagonjwa kujificha katika kundi la waumini.

Tatizo la viungo nalo lipo. Katika Kiswahili huzuni na hofu hukaa moyoni, si ubongoni. Mtu husema moyo umekuwa mzito, moyo unaenda mbio, au kwamba anafikiria sana. Mhudumu asiyezisikiliza kauli hizi kama lugha ya dhiki atampima shinikizo la damu, ampe dawa za kutuliza maumivu na kumrudisha nyumbani. Mgonjwa amesema, hakusikika.

Mfano wa kufikirisha zaidi unatokana na utafiti wa jeni. Katika miaka ya karibuni mradi mkubwa uliohusisha Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini ulidhamiria kukusanya taarifa na sampuli za mate za watu wasiopungua 34,000, nusu yao wakiwa na historia ya saikosisi, ili kuchunguza mchango wa urithi. Nchini Kenya ulihusisha Eldoret na Kilifi. Umuhimu wake ni mkubwa, kwani tafiti nyingi za awali za jeni zilijengwa juu ya watu wenye asili ya Ulaya. Lakini ifikiriwe familia inayoelezwa kwa Kiswahili kwamba huenda ugonjwa wa mtoto wao unahusiana na "jeni". Baina ya jeni na jini ipo irabu moja tu. Mtafiti anaposema moja, msikilizaji aweza kusikia la pili, aafiki kwa kichwa na kutia sahihi. Ridhaa iliyopatikana hivyo ni ridhaa ya namna gani?

Kosa hilo la masikio linarahisishwa na lugha yenyewe. Wazimu ni neno lenye udugu na mzimu na mizimu. Majinuni, lililotokana na Kiarabu, limembeba jini tumboni mwake. Kwa hivyo msamiati wa Kiswahili hautaji ugonjwa tu. Unataja na chanzo kabla ya uchunguzi kuanza. Fauka ya hayo, kichaa kimaumbo kimewekwa pamoja na kipofu, kiziwi na kiwete katika umbo la KI-VI, jirani ya kiti na kisu, ingawa upatanisho wa kisarufi huyarejesha maneno hayo katika A-WA. Wanaisimu watasema kwamba umbo la ngeli si tusi. Ni kweli. Hata hivyo, anayeitwa kwa jina hilo sokoni hasikii sarufi, husikia kicheko.

Walichofanya wengine

Haifai kudhaniwa kwamba kikwazo hiki hakina dawa. Nchini Zimbabwe, katika miaka ya 1990, watafiti waliunda hojaji ya dalili kutokana na kauli za Washona wenyewe badala ya kutafsiri iliyotoka ng'ambo. Kauli mojawapo ilikuwa kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi, neno ambalo mwaka 2013 liliingizwa katika mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Tiba ya Akili cha Marekani miongoni mwa dhana za kitamaduni za dhiki. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mpango wa Benchi la Urafiki mjini Harare mwaka 2006, kina nyanya waliofunzwa waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao kwa Kishona cha kila siku, kuanzia hatua ya kuifungua akili. Matokeo ya jaribio la kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umekwisha kufika hata Zanzibar.

Nchini Kenya, katika Kaunti ya Makueni, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei na Dkt. Victoria Mutiso wamewashirikisha waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa kujitolea katika kuwatambua wagonjwa na kuwapeleka kliniki. Hatua hiyo inakiri jambo ambalo kila mwanakijiji analijua: mgonjwa wa akili hupitia kwa wengi kabla ya kufika kwa daktari. Njiani humo ndimo muda unamopotea, na utafiti umeonyesha mara kwa mara kwamba saikosisi inavyokaa muda mrefu bila kutibiwa ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu kupatikana. Neno linalomchelewesha kijana wa Muthara mwaka mmoja si neno tu. Ni mwaka mmoja wa maisha yake.

Pingamizi mbili

Atatokea wa kusema kwamba huku ni kuyapamba maneno wakati hospitali hazina wataalamu. Upungufu huo ni wa kweli. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliulalamikia mwaka 2011, na jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Lakini maneno na huduma havishindani. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kinakiuka Katiba, mtu aliyejaribu kujiua na kunusurika alihesabiwa kuwa mhalifu kabla ya kuhesabiwa kuwa mgonjwa. Jina lilitangulia, huduma ikafuata jina. Vilevile marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi mashinani. Huduma itakapofika Muthara, itazungumza lugha gani?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mama wa Muthara hulia kwa Kimeru, kwa lahaja ya Kitigania, si kwa Kiswahili sanifu. Je, kumletea istilahi za Kiswahili si kumwongezea ukuta wa pili juu ya ule wa Kiingereza? Jibu ni kwamba itakuwa hivyo endapo istilahi zitabuniwa chuoni na kupelekwa kijijini kama amri. Kiswahili kina nafasi yake kwa kuwa mhudumu aliyehamishwa kutoka Busia au Kwale hukutana na mama huyo katikati, na katikati hapo ni Kiswahili. Lakini daraja lisiloshika ukingo wa pili si daraja. Kazi lazima ianzie katika Kimeru: wazee, akina mama na wagonjwa waliopona waulizwe wanasemaje, ndipo Kiswahili kitafute kauli inayolingana, na daktari aeleze ni hali ipi inayotajwa.

Kazi iliyo mkononi

Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji daftari, subira na adabu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vilivyo karibu na Meru na Embu vinaweza kukusanya kauli za dhiki wakati wa likizo na kuzilinganisha kwa pamoja na wanafunzi wa uuguzi na tiba. Wahadhiri wa tafsiri wanaweza kuzifanya hojaji za afya kuwa matini za darasani, zitafsiriwe, zirejeshwe katika lugha ya chanzo na mtu mwingine, kisha zijaribiwe kwa wasemaji. Wanaistilahi wanaweza kutenganisha kwa uthabiti sonona na huzuni ya msiba, msongo wa mawazo na maradhi ya wasiwasi, kifafa na saikosisi, usahaulifu wa kawaida wa uzee na maradhi yanayoharibu ubongo. Wahariri wanaweza kuacha kuandika "mwendawazimu" katika vichwa vya habari pale ambapo "mtu mwenye ugonjwa wa akili" ni kauli sahihi. Hakuna hata moja kati ya haya linaloshinda uwezo wa wanachama wa chama kama hiki.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Walikusudia anayeficha kwa hiari. Yupo pia anayeficha kwa kukosa neno la kusema, na huyo hana hatia. Kijana wa Muthara aliyekataa chakula cha mamake hakuwa na jina la kilichompata. Mamake hakuwa nalo. Jirani alikuwa na moja tu, na lilikuwa baya. Siku mama huyo atakapoingia zahanati na kusema jambo ambalo mhudumu atalielewa mara ya kwanza, utafiti wa ubongo utakuwa umefika Muthara. Kabla ya hapo utakuwa bado uko njiani, na waliotarajiwa kuubeba wamekaa darasani wakiainisha ngeli.